Kalamu Kabla ya Msumeno

Wako wazazi ambao, wakisikia kwamba mtoto wao aliye shule ya sekondari anafundishwa uchoraji na ufundi, huguna na kusema, "Sikuuza ng'ombe ili mwanangu awe seremala." Yafaa wazazi hao waelezwe somo lenyewe lilivyo.

Mwanafunzi haanzi kwa msumeno; huanza kwa kalamu. Akiagizwa kutengeneza meza, hujiuliza kwanza: Ni ya nani, nayo itabeba nini? Kisha huichora mara tatu, kama ionekanavyo kwa mbele, kwa ubavuni na kwa juu. Meza yenye kimo cha milimita 750, ikichorwa kwa kipimo cha moja kwa kumi, huwa milimita 75 karatasini. Mguu mmoja ukikosewa kwa milimita 2 katika mchoro, utapungua milimita 20 katika ubao, na meza itayumba. Hapo ndipo kijana aonapo faida ya hesabu.

Masomo haya si mageni kwetu Kenya. Kabete ilianza kufundisha mafundi mwaka 1924, na mtaala wa mwaka 1985 ukaingiza useremala na ufundi wa chuma katika shule. Kilichoyadhoofisha baadaye ni uhaba wa karakana na vyombo, wala si uvivu wa watoto.

Basi, mzazi, kabla ya kumkataza mwanao, itazame michoro yake. Mhandisi na seremala huanzia karatasi ile ile, na ujuzi hauzeeki.