Filimbi ya Usiku wa Manane

Wajukuu zangu, ng'ombe hafichiki mfukoni. Mwizi akimtoa zizini usiku, lazima amswage kwa miguu, na kila kwato inaacha alama. Wasukuma na Wanyamwezi walilijua hilo tangu zamani. Shida ilikuja baada ya Vita vya Kagera, vya mwaka 1978 hadi 1979, pale bunduki zilipozagaa na wezi wa mifugo wakaanza kuja na silaha za moto. Kituo cha polisi kilikuwa mbali. Na hata mwizi alipofikishwa mahakamani, mashahidi waliogopa, kesi ikafa, jamaa akarudi kijijini anachekelea.

Basi mwanzoni mwa miaka ya 1980, upande wa Kahama na mpakani mwa Shinyanga na Tabora, wanavijiji wakasema imetosha. Wakaunda sungusungu, jina la wale chungu weusi wanaokwenda kwa kundi na kuuma. Mshahara haukuwepo.

Kazi ilikwendaje? Mama anaamka, anakuta zizi wazi. Anapiga mwano, yowe la hatari. Filimbi inalia, ya kijiji cha pili inaitikia, kisha ya tatu. Wanaume wanatoka na pinde na mishale, lakini hawarundikani mahali pamoja: hawa wanafuata nyayo, wale wanakimbilia vivuko na njia za kutorokea. Nyayo zikiingia kijiji kingine, wenyeji wanazipokea na kuendelea nazo. Mwenye bunduki anaweza kuitisha nyumba moja. Vijiji vitatu vilivyoamka, ataanzia wapi?

Na aliyejifunika blanketi akasingizia usingizi? Alitozwa faini. Akishupaa, alitengwa: hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, hasaidiwi msibani. Mimi naona adhabu hiyo ilikuwa kali kuliko viboko.

Hapa sitawaficha. Wapo waliolewa nguvu. Watu walipigwa mpaka wakakiri, na vikongwe wakasingiziwa uchawi, wengine wakafukuzwa makwao, wengine wakauawa. Bibi wa watu, macho mekundu kwa moshi wa jikoni miaka yote, anaitwa mchawi! Polisi wakalazimika kuwakamata baadhi ya walinzi wenyewe.

Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaunga mkono, kwa kuwa wizi ulipungua kweli, lakini nguvu ile ilihitaji hatamu. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa, sungusungu wakapewa mamlaka ya kukamata kama askari polisi. Kukamata tu, wajukuu. Kuhukumu kulibaki kwa hakimu.

Siku hizi mtasikia zaidi ulinzi shirikishi na polisi jamii. Mtaani kwenu huenda vijana wanalinda zamu usiku wakiwa na tochi, filimbi na rungu, na kaya zinachangia chochote. Orodha yao inatakiwa ijulikane serikali ya mtaa na kituo cha polisi, maana mtu yeyote anaweza kushika rungu na kujiita mlinzi. Wakimkamata mtu, wanampeleka kituoni akiwa mzima, wanaeleza walichokiona, askari anaandika. Aliyeona ndiye atakayeitwa kutoa ushahidi, hata kama siku hiyo alipanga kwenda shambani.

Nanyi msiniulize zamu yenu ni lini. Mtoto akiona jambo la kutia shaka, anamwambia mtu mzima, kisha anarudi kulala.