VIRUSI VYA UKIMWI NA MISHIPA YA DAMU

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Wengi walikufa upesi. Tangu mwaka 2004 Serikali hutoa bure dawa za kufubaza virusi. Anayezimeza kila siku huishi miaka mingi. Hapa Kigombe huenda baharini, au hukata mkonge, au huanika dagaa kama wenzake. Anazeeka, anaona wajukuu.

Lakini uzee nao una maradhi yake. Madaktari wameona kwamba wenye virusi hivi hupata maradhi ya moyo na kiharusi kama mara mbili kuliko wengine. Kwa nini?

Dawa haziui virusi vyote. Vichache hujificha mwilini. Askari wa mwili wanajua adui yumo, basi hawalali. Wanakesha mwaka hata mwaka, na mkesha huo unaumiza kuta za ndani za mishipa inayotoa damu moyoni. Penye jeraha mafuta hunasa, kama chaza wanavyoshika mizizi ya mikoko. Chaza mmoja si kitu. Wakizidi, njia inakuwa nyembamba. Siku moja damu inaganda pale na kuziba. Ukiziba mshipa wa moyo, kifua kinabana. Ukiziba wa ubongo, mtu anapooza upande mmoja, na watu watasema kapigwa na jini! Presha na sigara huzidisha mambo haya. Sigara hasa.

Je, mtu aache dawa? Hata kidogo. Madaktari walijaribu kuwapumzisha watu dawa kwa vipindi. Mwaka 2006 walieleza walichokiona: virusi viliamka, na vifo na maradhi ya moyo vikazidi.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya uchunguzi mwingine. Watu 7,769 wenye virusi, wa miaka 40 hadi 75, walishiriki katika nchi 12, wakiwemo jirani zetu wa Uganda. Nusu walipewa kidonge cha kupunguza mafuta ya damu, pitavastatini. Nusu walipewa kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopata dawa, maradhi ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35. Basi usikimbilie dukani. Daktari ndiye anayejua dawa hiyo inamfaa nani.

Presha hupimwa hata zahanati. Ukienda kuchukua dawa zako, omba upimwe. Na mkiona mwenzenu mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, maneno hayatoki sawasawa, mwahisheni hospitali ya Bombo, Tanga, saa hiyo hiyo, si baada ya kumaliza mafusho.