Chuma Kwenye Oili ya Giaboksi: Wakati wa Kutulia na Wakati wa Kushtuka

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia nchini kutoka Japani huwa na gia za otomatiki. Likishatembea kilomita nyingi, fundi anapofungua sampu ya giaboksi kubadilisha oili hukuta uchafu wa chuma. Je, giaboksi imekufa? Si lazima.

Kwa kawaida sampu huwa na sumaku ndogo za kunasa chembechembe za chuma zinazotokana na msuguano wa gia. Tope laini la kijivu lisilokwaruza vidole ni uchakavu wa kawaida. Sumaku isafishwe, filta ibadilishwe, na itiwe oili ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari.

Vipande unavyoweza kuokota kwa vidole ni dalili mbaya. Vile vya rangi ya shaba au fedha visivyonaswa na sumaku huashiria kuwa bushi au pampu inaliwa. Hapo oili mpya haitoshi. Giaboksi ikaguliwe kabla ya gari kurudi barabarani.

Wakazi wanashauriwa kumwomba fundi awaonyeshe sampu kabla hajaiosha. Oili chakavu nayo isimwagwe mtaroni wala mtoni.