Mdaka matofali wa Mississippi aliyeanza kwa kuangusha mipira

Anayepita mara kwa mara Namanga, Busia au Mutukula amewaona vijana wanaoshusha matikiti. Mmoja yuko juu ya lori, wa pili chini, wa tatu mlangoni mwa stoo. Tikiti linarushwa, linadakwa, linarushwa tena, na soga zinaendelea. Hakuna anayelikodolea macho. Mikono imeshaujua uzito wake.

Jerry Rice alijifunza kazi yake hivyo hivyo, ila yeye alidaka matofali. Alizaliwa Oktoba 1962 katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, akakulia Crawford, sehemu ya mashamba na barabara za vumbi. Baba yake alikuwa fundi mwashi, na likizo za kiangazi wanawe walikuwa vibarua wake. Rice amesimulia mwenyewe jinsi kaka zake walivyomrushia matofali kutoka chini, naye akiyadaka akiwa juu ya jukwaa la ujenzi, kwenye jua kali, siku nzima. Tofali likikuponyoka, kuna mtu chini yake.

Mpira aliingia kwa utoro. Akiwa sekondari alifumaniwa na msaidizi wa mkuu wa shule akikwepa darasa, akatimua mbio. Mwalimu hakumshika, lakini aliiona ile kasi na kumwambia kocha wa shule. Kijana akaadhibiwa, kisha akapelekwa uwanjani.

Kwa msomaji ambaye mpira anaoujua ni wa Simba na Yanga au Gor Mahia na AFC Leopards, neno moja la maelezo. Katika futiboli ya Kimarekani mpira hushikwa kwa mikono. Yuko mrushaji, na wako wapokeaji wanaokimbia njia zilizopangwa kabla. Mara nyingi mpira hurushwa mpokeaji akiwa bado hajageuka, kwenda mahali ambapo anatakiwa awe. Akichelewa hatua moja umempita, na akiudaka kuna mtu wa kilo mia anayekuja kumwangusha.

Rice alisoma Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi katika mji wa Itta Bena. Kocha Archie Cooley aliamini katika kurusha mpira kila mara, na mrushaji wake, Willie Totten, hakuchoka. Msimu wa 1984 Rice alidaka mipira 27 iliyozaa magoli. Hata hivyo mawakala wa klabu kubwa walisita. Walisema amecheza na timu dhaifu, na saa zao za kupima mbio za yadi 40 hazikumwonyesha kuwa mwepesi kupita wenzake.

Aliyeona tofauti ni Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, aliyekuwa akitazama televisheni hotelini Houston usiku mmoja wa 1984. Hapa kuna jambo ambalo mfanyabiashara wa mpakani atalielewa haraka kuliko shabiki. Kila mwaka klabu za NFL huchagua vijana kwa zamu, na bingwa huchagua mwisho. 49ers walikuwa wametoka kutwaa ubingwa Januari 1985, kwa hiyo zamu yao ya kwanza ilikuwa ya 28. Walsh hakukaa kusubiri bahati. Aliwapa New England Patriots zamu zake tatu za mwanzo, yeye akapata zamu yao ya 16 pamoja na moja ya raundi ya tatu. Wapokeaji wawili walikuwa wamekwishachukuliwa: Al Toon aliyekwenda New York Jets, na Eddie Brown aliyekwenda Cincinnati Bengals. Walsh akamchukua Rice.

Mzigo ulipofika, ukaonekana mbovu. Mwaka huo wa kwanza Rice aliangusha mipira ambayo mtoto angeidaka, na mashabiki wa Candlestick wakamzomea. Mikono ilikuwa ile ile ya matofali. Kilichomshinda ni hesabu. Katika mfumo wa Walsh mpokeaji husoma walinzi huku anakimbia, na wakibadilika naye hubadilisha njia. Rice alikuwa bado anawaza aende wapi wakati mpira umeshamfikia kifuani. Baada ya kipindi kimoja kibaya alilia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Desemba 9, 1985, dhidi ya Los Angeles Rams, mambo yalifunguka: alidaka mipira kumi na kusonga yadi 241. Timu ilifungwa, lakini hakuna aliyemzomea tena. Alimaliza msimu na yadi 927, mwaka uliofuata akaongoza ligi nzima kwa yadi 1,570.

Ningependa kusema huo ndio ukawa mwisho wa taabu. Haikuwa hivyo. Mechi ya mtoano ya Januari 1987, dhidi ya New York Giants, aliupokea mpira, akabaki peke yake njia nyeupe hadi golini, na mpira ukamchoropoka bila kuguswa na mtu. Giants walishinda 49 kwa 3.

Alijibu kwa mazoezi. Pamoja na mwenzake Roger Craig alikuwa akipanda mbio kilima cha Edgewood, San Carlos, kiasi cha kilomita nne, wakati ambao wengine walikuwa likizo. Mazoezini kila mpira alioudaka aliukimbiza hadi mstari wa goli, hata kama zoezi lilitaka hatua tano tu. Msimu wa 1987, uliokatizwa na mgomo, alicheza mechi 12 na kudaka magoli 22.

Tusimpambe kupita kiasi. Mwaka 2015 alikiri kuwa alipulizia glovu zake gundi kidogo, kitu ambacho ligi ilikuwa imekipiga marufuku tangu 1981. Alijitetea kwamba wengi walifanya hivyo, baadaye akaomba radhi. Kwangu hilo ni doa, ingawa gundi haimpandishi mtu kilima. Alipoingizwa kwenye ukumbi wa heshima mwaka 2010 alisema kilichomsukuma ni hofu ya kushindwa, na kwamba anajutia kitu kimoja: hakuwahi kutulia akafurahia.

Mchezo huu hauko mbali nasi kama zamani. Mkenya Daniel Adongo, aliyetoka kwenye raga, aliichezea Indianapolis Colts mwaka 2013. NFL ilianza kusaka vipaji Afrika mwaka 2022 huko Ghana, na mwaka uliofuata ikafika Nairobi. Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na aina ya bendera, watano kwa watano, ambapo mchezaji hunyakuliwa bendera ya kiunoni badala ya kuangushwa. Haihitaji kofia ngumu wala mabega ya bandia. Inahitaji mikono.

Januari 1989, fainali ya Super Bowl, 49ers walikutana na Bengals wa Eddie Brown, yule aliyechaguliwa kabla ya Rice. Rice alidaka mipira 11, akasonga yadi 215, na kutajwa mchezaji bora wa fainali. 49ers walishinda 20 kwa 16.