Fahamu: Kwa nini kutokaribiana kulikuwa kugumu Kenya mwaka 2020

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Corona tarehe 13 Machi 2020. Siku chache baadaye, serikali iliagiza magari ya matatu ya abiria 14 yabebe 8 tu, na kuanzia Machi 27 ikaweka kafyu ya usiku.

Je, watu walipuuza maagizo hayo?
Si wote. Wengi waliogopa, wakanawa mikono na kusalimiana kwa viwiko. Lakini kuogopa ni jambo moja, kuweza kujitenga ni jingine.

Kikwazo kilikuwa nini?
Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Kibera na Mathare, familia nyingi hulala chumba kimoja na kutumia choo pamoja na majirani. Kibarua wa kulipwa kwa siku asipotoka, sufuria haipandi jikoni. Nauli nazo zilipanda, maana kiti kitupu hakinunui mafuta. Siku ya kwanza ya kafyu, umati ulijazana kwenye kivuko cha Likoni, Mombasa, ukiwahi nyumbani, na polisi wakarusha mabomu ya machozi. Amri ya kuwatenganisha watu ikawa imewabananisha.

Funzo ni lipi?
Woga peke yake hauleti utii. Anayeambiwa abaki nyumbani huuliza kwanza: nitakula nini?