Difu Inalia: Uifungue Mwenyewe au Uipeleke kwa Fundi?

Difu huanza kulia kidogo kidogo. Gari likishika kasi unasikia mvumo mwembamba kutoka nyuma. Ukikanyaga mafuta mvumo unapanda, ukiachia unabadilika au unakatika kabisa. Beringi ya tairi hailii hivyo. Yenyewe haijali sana mguu wako, ila ukikata kona sauti yake huzidi au hupungua. Wapo waliofumua difu nzima kumbe ilikuwa beringi ya tairi, na wengine waliosikia kishindo cha krosi ya propela wakadhani ni meno ya difu. Kwa hiyo mwaga kwanza oili ya difu uitazame. Unga laini wa chuma ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni habari nyingine.

Ndani ya difu, gia ndogo iitwayo pinioni inasukumwa na propela na kuzungusha gia kubwa, krauni. Kwenye difu yenye uwiano wa 4.1, pinioni ina meno 10 na krauni 41. Pinioni haikukaa katikati ya krauni. Imeshushwa chini yake. Mpangilio huo, haipoidi, ulitumiwa na kampuni ya magari ya Packard ya Marekani mwaka 1926, na uliwezesha propela kushuka na gari kukaa chini zaidi. Lakini una gharama yake: meno hayaviringiki tu, yanasuguana kwa kuteleza chini ya mgandamizo mkubwa, ndiyo maana difu hudai oili ya GL-5. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani hadi zizoeane. Ukibadilisha moja, ubadilishe zote mbili.

Kuitoa difu ni kazi ya jasho tu. Kwenye Hilux nyingi unachomoa shafti za pembeni, unafungua propela na nati zinazozunguka kichwa cha difu, kisha kichwa kizima kinatoka na kwenda mezani. Ugumu uko kwenye kupanga.

Nafasi kati ya meno ya krauni na ya pinioni kwenye difu hizo ni milimita 0.13 hadi 0.18, zaidi kidogo ya unene wa karatasi ya kuchapia. Inapimwa kwa geji ya saa, na kidole hakiwezi kuihisi kwa uhakika. Kisha kuna kina cha pinioni, kinachopangwa kwa shimu, pete nyembamba za chuma zinazokaa nyuma ya beringi yake. Unapaka meno machache ya krauni rangi nzito ya njano, unaizungusha huku umeizuia kidogo, halafu unasoma alama iliyobaki. Alama ikikaa kwenye ncha za juu za meno, pinioni iko mbali mno, inahitaji shimu nene zaidi. Ikizama kwenye mizizi, imeingia kupita kiasi. Na kila unaporekebisha, beringi inang'olewa kwa presi na kurudishwa.

Bushi ya kubonyea iliyo kati ya beringi mbili za pinioni ndiyo inayowatesa wengi. Nati inakazwa kwa nguvu kubwa ili bushi ibonyee, hadi pinioni izunguke kwa uzito mdogo uliowekwa na kiwanda. Ukipitiliza, kulegeza nati hakusaidii. Unatia bushi mpya na kuanza upya.

Kwa maoni yangu, asiye na geji ya saa, presi na spana ya torki asiguse meno. Afanye nusu ya kazi: atoe kichwa mwenyewe, akipeleke kwa fundi anayepima, akirudishe mwenyewe. Muulize fundi huyo akuonyeshe geji yake na alama ya rangi kabla hajafunga. Anayesema anapanga kwa sikio, mshukuru na uondoke.

Njia nyingine ni kununua kichwa kizima kilichotumika, Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi. Hesabu meno kabla ya kulipa. Gari linalosukumwa na tairi zote nne likiwa na uwiano mmoja mbele na mwingine nyuma, ukiunganisha difu zote mbili kwenye barabara kavu, transfa inayozigawia nguvu inakabwa hadi kitu kivunjike.

Meno mapya nayo yana joto lake. Safari ya kwanza iwe ya dakika 15 au 20 bila mzigo, kisha gari lipoe kabisa. Usivute tela wala kupakia shehena hadi kilomita 800, na hapo umwage oili yote.