Theluji ya kwanza, katikati ya jangwa

WATOTO wa Moshi huiona theluji ya Kilimanjaro kila mawingu yanapofunguka, lakini wengi hawajawahi kuigusa. Kwa baadhi ya familia za wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, siku ya kuigusa huja Dubai, mama akishamaliza kununua bidhaa zake Deira.

Ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005, yenye kilima cha theluji cha mita 85. Nje, joto la kiangazi huvuka nyuzi 40. Ndani ni chini ya sifuri. Theluji hutengenezwa kwa kupuliza matone ya maji kwenye hewa baridi hadi yagande.

Mtoto hushangaa kwanza kuona pumzi yake ikitoka kama moshi. Kisha hufinyanga donge, hulirusha, hucheka. Dakika chache baadaye vidole huanza kuuma, maana theluji huyeyuka kiganjani na mkono uliolowa hupoa haraka. Kicheko hugeuka kilio, na pesa ya tiketi imekwenda.

Kinga ni glavu na soksi kavu za akiba, mzigo mwepesi kuliko yote sandukuni.